Eda ya Salma

Nilikata mimi. Nilikikata kile kipande cha filamu kwa wembe, mchana kweupe, nikauunga mkanda kwa gundi, na kwa zaidi ya miaka thelathini kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba sijui. Mkaguzi kutoka Unguja nilimwambia sijui. Wenzangu wa ofisini niliwaambia sijui. Chuo kikuu niliandika kurasa themanini juu ya filamu hiyohiyo, na ukizisoma zote, jambo ambalo sina hakika kama hata msimamizi wangu alilifanya, hutakuta mahali palipotajwa wembe.

Nawaandikia nyie vijana mnaoonyesha sinema kwa projekta ya kubeba kwapani. Mmeniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa. Nitawaeleza, lakini mjue mnazungumza na mtu aliyeharibika. Nimekaa na watazamaji muda mrefu mno, na sasa mtu akiniambia anaipenda filamu fulani, namuuliza anapenda nini ndani yake, na jibu la kwanza silipokei.

Tulikuwa watu watatu na gari moja la ofisi ya sinema, tukizunguka vijiji vya Pemba. Mzee Hamadi wa Jadida, kule Wete, alikuwa mkuu wetu na mwenye mashine. Bakari wa Chokocho alikuwa dereva, na jenereta ilikuwa yake pia. Mimi nilikuwa sauti. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, na kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya mashine na kipaza sauti, niwaeleze watu kinachosemwa. Nilikuwa kibarua, miaka ishirini na kidogo, na Kiingereza changu cha kidato cha sita nilikiamini kuliko walivyokiamini waliokuwa wakiigiza.

Mzee Hamadi na Bakari walikula sahani moja. Bakari akichelewa, Mzee Hamadi hanawi mikono mpaka amwone. Njiani walichokozana tangu Chake mpaka Micheweni.

"Bakari, kule nyuma umeliacha shimo moja. Rudi ukalipige, lisije likaona wivu."

"Mie naendesha gari, Mzee. Mashimo yamo barabarani, hayamo garini."

"Yamo mgongoni mwangu."

Somo la kwanza alilonipa Mzee Hamadi lilikuwa la kidole. Kabla ya safari tuliupitisha mkanda wote mkononi, futi kwa futi, kidole gumba kwenye ukingo mmoja na cha shahada kwenye ukingo wa pili, kutafuta matundu yaliyochanika. Mimi nikawa natazama picha. Akanipiga kofi la mkono, jepesi. "Picha haikuhusu. Shika ukingo." Palipochanika tulikata kwa wembe, tukakwangua utando mwembamba wa picha pande zote mbili, tukapaka gundi yenye harufu ya rangi ya kucha, tukabana na kunyamaza hadi ishike. Kunyamaza hakukuwa sehemu ya ufundi, lakini yeye aliamini gundi haishiki palipo na mazungumzo.

Na kila kilichokatwa kiliandikwa. Mkanda wa ngapi, picha ngapi zimetoka, kwa sababu gani. Zilizotoka zilitiwa kwenye bahasha zikarudishwa Unguja. Mzee Hamadi aliandika hata picha mbili, ambazo kwenye pazia hazijazi hata kufumba jicho. Nawaambia haya ili muelewe alikuwa mtu wa namna gani, maana baadaye watoto walimwita Hamadi Mkasi.

Mabusu hayakukatwa. Yalizibwa. Busu likikaribia, Mzee Hamadi aliweka kiganja mbele ya lenzi, na mkono wa pili ukihesabu tasbihi. Busu fupi punje tatu, la kawaida tisa. Tuliwahi kupata moja la punje ishirini na saba. Kiganja kikamchemka, akaniinamia akaninong'oneza, "Hawa hawavuti pumzi?" Vijana wa nyuma walilalamika kila mara.

"Mzee, ondoa mkono, tunaona vidole vyako tu."

"Ndivyo mlivyoruhusiwa kuviona."

Sasa filamu yenyewe. Ilikuwa ya zamani hata wakati ule, nyeupe na nyeusi, mikanda mitano kwenye masanduku ya bati. Jina lake la Kiingereza hakuna aliyelitaka. Mimi nilimpa yule mwanamke jina la Salma, na tangu hapo ikawa sinema ya Salma. Salma ni mshonaji katika mji wa bandari, ana sauti nzuri, anamjua askari mmoja kwa siku tatu, wanaoana siku ya nne, siku ya tano meli inamchukua mume kwenda vitani. Katika mkanda wa nne inakuja simu ya maandishi kwamba amekufa. Jioni ileile Salma anavaa gauni la kung'aa, anakwenda kwenye ukumbi walipokusanyika askari wanaoondoka kesho, na anawaimbia. Katika mkanda wa tano anapanda meli peke yake, anakwenda asikokujua, na filamu inaisha.

Mara ya kwanza tuliionyesha Chokocho, kwa Bakari. Wanawake walikaa upande wa kulia juu ya mikeka yao. Kwenye kuagana bandarini walilia vizuri, nami nikajiona fundi. Ikaja simu. Wakalia zaidi. Halafu Salma akatokea amevaa lile gauni, taa zinamwakia, askari wanapiga makofi, naye anafungua mdomo anaimba. Kulia kukakatika palepale, kama mtu amefunga bomba.

"Huyu si mumewe kafa leo?" mama mmoja akauliza, si kwa kupiga kelele.

"Kafa leo," jirani yake akamjibu.

"Na eda?"

"Si Muislamu yule, dada."

"Hata. Mume ni mume. Maiti hajapoa, yeye yumo ngomani." Akanigeukia mimi. "Wee mwana, mwambie akavue hilo gauni."

"Mama, hanisikii."

"Sie twakusikia wewe. Basi sema kitu."

Sikusema kitu. Wakasimama mmoja mmoja, wakakunja mikeka. Salma alipanda meli upande wa kulia ukiwa mtupu, upande wa kushoto wamebaki wanaume wanaoona aibu kuwa wamebaki.

Nyie mnaosoma mnaweza kudhani kilichoniuma ni heshima ya sanaa. Kiliniuma kiburi. Habari zilitangulia gari letu. Kijiji kilichofuata wanawake walikuja wachache, na hao wachache walikuja kuhakikisha; ikabidi tuonyeshe sinema nyingine. Niliona sinema nzuri inauawa na dakika mbili. Nikajiambia kwamba dakika mbili zile zikiondoka, kutoka kwenye simu tunaruka moja kwa moja hadi melini, na katikati ya hapo mimi nitasema maneno yangu.

Ghala la filamu lilikuwa na funguo moja. Ilikaa kwa Mzee Hamadi, ila siku za safari alimkabidhi Bakari, na Bakari, kinyume cha amri, aliiacha kwenye gari, juu ya usukani. Adhuhuri moja, wote wawili wako msikitini, niliichukua. Nilijua kazi, nilikuwa nimefundishwa vizuri. Nilikata, nikakwangua, nikaunga, nikanyamaza mpaka gundi iliposhika. Kwenye daftari sikuandika. Kile kipande nilikichoma nyuma ya jiko la mama yangu, na kilinuka hivi kwamba aliuliza nani anachoma viatu.

Safari iliyofuata, simu ilipokwisha kusomwa, nilishika kipaza sauti nikasema kwa sauti ya taratibu: "Salma akakaa eda yake. Miezi minne na siku kumi. Akatoka." Na papo hapo pazia likamwonyesha na sanduku lake bandarini. Upande wa kulia nikasikia wanawake wakisema, "Alhamdulillahi."

Tangu siku hiyo sinema ile haikulala. Kila kijiji kiliitaka, na kilichokwisha kuiona kiliitaka tena. Walikuja na vitambaa vya kufutia machozi walivyovikunja tangu nyumbani. Watoto wa kike waliozaliwa wakaitwa Salma, sisemi wangapi, sikuwahesabu. Watu wa Chokocho peke yao walishikilia kwamba kulikuwa na wimbo katikati, na Pemba nzima ikawaambia wanazua. Mzee Hamadi aliona kwamba kuna maungio mapya kwenye mkanda wa nne? Sijui. Zamu ya kuupitisha mkanda ule mkononi ilikuwa yangu, nami nilihakikisha inabaki yangu.

Miaka imepita nami bado nauangalia upendo ule kwa jicho la upande. Chuoni niliandika kwamba filamu ya mapenzi ya vita haizeeki kwa sababu wapenzi wake hawapewi muda wa kuchokana. Hilo bado naliamini. Salma na askari wake walikuwa na siku tano, hawakufika kwenye siku ya kugombania ndoo ya maji. Mume akiondoka siku ya pili ya ndoa asirudi, anabaki mzuri milele, na kila aliyekaa mkekani na nyumbani ana mume wa ndoa ya miaka ishirini anajua kwa nini anamlilia. Niliandika pia kwamba watu wa kisiwa kinachoaga watu kila mwaka, wa melini, wa Mombasa, wa Maskati, hawahitaji mfasiri kuelewa bandari. Nilipata alama za juu sana. Lakini kila nilipoandika neno mvuto, nilijiuliza kama ninachokichunguza ni filamu au ni mkato wangu. Mtafiti aliyetia chumvi chunguni kisha akaandika kurasa themanini kuhusu ladha ya ajabu ya mchuzi.

Nimeruka jambo. Nimeliruka makusudi, kama nilivyozoea.

Filamu ilirudishwa Unguja kukaguliwa, ikapimwa, ikaonekana ni fupi. Mkaguzi akaja. Alituweka uani pale ofisini, wafanyakazi wote, akauliza nani kakata na kipande kiko wapi. Kwa kuwa hakuna aliyejua kilikuwa na nini, ilipofika saa kumi uvumi ulikwisha kukitia mwanamke anayeoga. Mtu mwenye kiganja kwenye lenzi alikuwa mmoja tu, kwa hiyo watu walikwisha kumjua aliyejiwekea. Mzee Hamadi alisimama wima. Alisema ghala ni lake na jukumu ni lake. Halafu akamgeukia rafiki yake.

"Funguo ilikuwa kwako, Bakari."

"Ilikuwa kwangu, Mzee. Lakini mie sikukata."

"Nani basi? Jini?"

"Sijui, Mzee. Wallahi sijui."

"Umekata wewe, na mie nimebeba lawama. Hadharani nasema."

Bakari hakusema kwamba aliiacha funguo juu ya usukani. Angesema, angekuwa amevunja amri, na pengine aliona kwamba mtu anayemwita mwizi hastahili kuelezwa. Mzee Hamadi akaniuliza na mimi. Ombi langu la ruhusa ya kwenda chuo kikuu lilikuwa mezani kwa mkurugenzi wiki ileile. Nikasema sijui.

Alihamishwa kwenye ghala la viti, akakaa huko hadi kustaafu. Mashine hakuigusa tena. Mimi nilikwenda chuo, nikarudi na shahada, nikapewa meza, na kila asubuhi nilipita mbele ya ghala la viti nikamwamkia. Aliitikia vizuri. Yeye na Bakari hawakusemezana tena. Nimewaona kwenye mazishi ya watu wetu, mmoja anashika upande huu wa jeneza na mwenzake upande ule, wanapishana bila kutazamana. Kila sikukuu Bakari hunipigia simu kunipa mkono wa Idi. Huniambia, "Wewe ndiye uliyebaki wa gari letu." Nami hujibu amina, sijui amina ya nini.

Mwaka huu, baada ya mimi kustaafu kwa hiari, akaja kwangu msichana mmoja, Zuwena, wa kikundi kinachoonyesha sinema pale Tibirinzi. Wengine wenu mnamjua. Ana kompyuta yake begani na adabu nyingi mno, na adabu nyingi hunitia wasiwasi.

"Shikamoo Bi Raya. Tumeipata sinema ya Salma, nzima. Tunataka tuionyeshe, na wewe uisemee kama zamani."

"Mtoto wa nani wewe?"

Akanitajia. Sikuwajua.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, Bi."

"Kwa nini Salma? Sinema ziko nyingi."

"Kila mtu mzima tukimwuliza, anaitaja hiyo. Lakini kuna wimbo katikati, hawaukumbuki. Watu wa Chokocho tu."

Nilimtazama. Nilikuwa na hakika kwamba yuko nyuma yake ama Mzee Hamadi ama Bakari, na kwamba nimetegwa, na kwamba huyu mtoto ameletwa kunywa chai yangu huku akinihesabia dhambi. Alifungua kompyuta akaniwekea mkanda wa nne, ambao siku hizi si mkanda.

Nikamwona Salma na gauni lake baada ya miaka yote ile. Na kwa mara ya kwanza nikasikia anaimba nini. Hiki ndicho cha pili ninachokiri kwenu, na ni kibaya kuliko wembe. Siku ile Chokocho, yule mama aliponiambia niseme kitu, nilinyamaza kwa sababu sikuelewa. Kiingereza cha kusemwa nilikiweza. Cha kuimbwa, na muziki juu yake, kilinipita chote. Sasa Zuwena aliniwekea maneno chini ya picha. Salma anawaambia wale askari kwamba mume wake alimwomba awaimbie watakaofuata, awaimbie hata akisikia lolote, na kwamba usiku huu atasimama kwa ajili yao na kesho atafunga mlango avae nyeusi. Sauti inamkatika katikati. Wao wanadhani ni maneno ya wimbo tu, wanapiga makofi kumtia moyo.

Laiti ningeyasema maneno yale, wale wanawake wa Chokocho wangekaa. Pengine wangelia mpaka mikeka ilowe. Si sinema iliyokosa eda. Ni mfasiri aliyekosa lugha, akaona aibu, akaitoa aibu yake kwa wembe, na wanaume wawili wakailipia.

"Bi Raya, umeona nini?" Zuwena akauliza.

"Nimeona kazi mbaya," nikamwambia. "Nenda, nitakujibu kesho."

Somo la kazi, kama mnalitaka, ni hili. Usipoelewa, sema kwenye kipaza sauti kwamba hujaelewa. Watu watacheka, mmoja atakuzomea, na sinema itaendelea. Mimi sikumwona mtu yeyote aliyekufa kwa kuzomewa.

Asubuhi yake nikampigia Mzee Hamadi.

"Assalamu alaykum, Mzee. Mie Raya."

"Wa alaykumu salaam. Raya gani?"

"Raya wa kipaza sauti."

"Aa. Mwenye maneno."

Hata hapo nilianza na shaka zangu. "Mzee, wamekuja vijana wanataka kuonyesha sinema ya Salma. Umewatuma wewe?"

"Mie? Sinema ile mie sijapata kuipenda. Mwanamke analia tangu mwanzo, na mkanda wa pili una mikwaruzo."

"Mzee, kile kipande nilikata mimi."

Nyuma yake redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Ikazimwa.

"Sema tena."

Nikasema tena, na mara hii nikaeleza funguo, usukani, Adhuhuri, na kwamba nilikichoma.

"Bakari hakuwemo?"

"Hakuwemo. Hakujua."

"Nilimsema mbele ya watu."

"Nilikuwepo, Mzee."

"Najua ulikuwepo. Ulisimama karibu na pipa la maji. Nikakuuliza."

"Nikasema sijui. Mzee, nakuomba unisamehe—"

"Ya kwako yatangoja. Bakari yu hai?"

"Yu hai. Yuko Chokocho. Miguu tu inamsumbua."

"Nambari yake unayo?"

"Ninayo."

"Ngoja nichukue kalamu." Nikasikia droo ya meza ikivutwa, ikakwama, ikavutwa tena. "Haya, nisomee. Polepole."

Nikamsomea. Kila tarakimu aliirudia kabla ya kuitaka inayofuata. Mara mbili akanisimamisha, aandike vizuri.

"Na hao vijana," akasema, "kawasemee. Kipande kikifika, uwaambie watu nani alikata. Kwa kipaza sauti, si kwa kunong'ona."

"Nitawaambia."

"Haya. Kata simu, nataka kupiga."